Kompyuta inaamka yenyewe saa nane usiku, na asubuhi nyingine haiamki kabisa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotoka Uingereza: Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8, Windows 10. Usiku naiweka ilale kwa kubonyeza Sleep ili kesho niendelee nilipoishia. Mara nyingi alfajiri naikuta inanguruma, na kijana wangu anayesoma usiku anasema huwaka yenyewe kama saa nane. Siku nyingine naikuta imewaka lakini kazi zote nilizoacha wazi hazipo. Juzi nimepoteza alama za kidato cha pili. Na siku nyingine haiamki: feni inazunguka, skrini nyeusi, mpaka niishikilie kitufe izime. Nimesikia kuna haibaneti, ila kwangu haionekani. Mume wangu anasema tuzime ukutani tu, LUKU inaliwa bure. Kijana naye ana laptopu inayochemka ikiwa ndani ya begi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole kwa alama zilizopotea. Umeleta magonjwa matatu ndani ya furushi moja, ndiyo maana kila anayekupa ushauri anaonekana kupatia usiku mmoja na kukosea unaofuata. Anayesema tatizo ni mausi hakosei. Anayesema ni pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, huenda naye hakosei. Kwa hiyo usibadilishe kitu kwanza. Windows huandika kila inapolala, kila inapoamka, na mara nyingi huandika pia nani aliyeiamsha. Tutaiuliza yenyewe. Maneno ya Kiingereza nitakayoyanukuu ni yale yaliyoko kwenye skrini yako, uyatafute kama yalivyo.

Kompyuta ikilala, prosesa, diski na feni hupumzika, lakini RAM huendelea kulishwa umeme kidogo, kwa sababu RAM ikikosa umeme husahau kila kitu papo hapo. Ile mitihani uliyoiacha wazi imo humo. Ni makaa yaliyofukiwa majivu: asubuhi unapuliza tu, moto unawaka, ila mtu akimwaga maji usiku huna cha kupuliza. Haibaneti ni jambo jingine kabisa. Windows hunakili yaliyomo kwenye RAM na kuyaandika kwenye diski, ndani ya faili kubwa lililofichwa liitwalo hiberfil.sys, kisha mashine inazima moja kwa moja. Unaweza kuchomoa waya, ukaenda msibani wiki nzima, ukarudi ukaikuta sentensi yako imekatikia palepale. Msimamo wangu nakupa mapema: kwa nyumba ambayo umeme unakatika bila hodi, Sleep ni ya kwenda jikoni na kurudi. Usiku ni wa haibaneti.

Sasa tutenganishe zile asubuhi unazoikuta imewaka. Kabla hujagusa kingine, tazama kazi zako. Kama Word na Excel ziko wazi vilevile ulivyoziacha, mashine iliamka usingizini. Kama unakuta skrini tupu ya kuingilia na hakuna kilichofunguliwa, basi haikuamka; ilikatika ikawashwa upya. Kwa macho ni kitu kimoja, taa inawaka na feni inavuma, lakini vyanzo havihusiani hata kidogo.

Ushahidi uko kwenye Event Viewer. Bonyeza kitufe cha Windows, andika jina hilo, fungua, kisha ingia "Windows Logs" halafu "System". Utaona orodha ndefu yenye alama nyekundu na njano za kutisha. Usiisome yote, hata kompyuta nzima huwa nazo. Upande wa kulia bofya "Filter Current Log", na kwenye nafasi ya namba andika 1,41,42. Namba 42 inayotoka Kernel-Power ni kulala. Namba 1 inayotoka Power-Troubleshooter ni kuamka, na ukiifungua ndani kuna mstari wa "Wake Source", yaani kilichoiamsha. Namba 1 za Kernel-General zinahusu saa kurekebishwa, zipite. Namba 41 ya Kernel-Power ndiyo ya kuangalia: maana yake mashine imewaka na kugundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kistaarabu.

Tafuta usiku ule wa alama za kidato cha pili. Nadhani utakuta 42 saa uliyokwenda kulala, kisha 41 alfajiri, na katikati hakuna 1. Mashine ilikuwa imelala, umeme ukakatika, RAM ikasahau, umeme ukarudi, mashine ikajiwasha. Saa iliyoandikwa kwenye 41 ni saa ya kuwaka, si ya umeme kukatika, kwa hiyo usishangae ikipishana na unavyokumbuka giza lilipoingia.

Na kwa nini ilijiwasha? Hilo si suala la Windows. Liko kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio unayoifikia kwa kubonyeza F2, F10 au Del mara tu unapowasha, kutegemea mtengenezaji. Tafuta sehemu ya umeme, yenye jina kama "AC Recovery", "After Power Loss" au "Restore on AC Power Loss". Kwa kawaida kuna chaguo tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi katika hali iliyokuwa nayo. Kompyuta iliyotoka ofisini si ajabu kuikuta imewekwa kuwaka. Wewe chagua "Power Off". Umeme wetu ukirudi huwa unaruka kabla ya kutulia, na dakika hizo za kwanza ni afadhali mashine iwe imezimwa. Ukihifadhi mpangilio huo na siku chache baadaye ukaukuta umerudi kama zamani, au saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila ikichomolewa, betri ndogo ya madabodi, ile bodi kuu ndani ya kompyuta, imekufa. Ni ile bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, na hata wauza saa wanayo.

Twende kwenye saa nane. Kijana wako ametupa kidokezo kizuri kuliko anavyojua, maana Windows ina kazi ya usafi inayoitwa Automatic Maintenance, na saa yake ya kiwandani ni 2:00 AM, ambayo ni saa nane usiku. Lakini tusiishie kukisia. Andika cmd kwenye nafasi ya kutafutia, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator". Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka, jioni kabla ya kulala, andika:

powercfg /waketimers

Hapo itakutajia kengele zote zilizotegwa: nani ametega, italia saa ngapi, kwa sababu gani. Mara nyingi utaona neno UpdateOrchestrator, huyo ni mshughulikiaji wa masasisho. Kisha asubuhi, kabla hujaizima wala kuiwasha upya, andika:

powercfg /lastwake

Hii hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho. Fanya hivi kwa usiku kadhaa na uandike majibu kwenye daftari, kwa sababu mwamshaji wa leo si lazima awe wa kesho.

Kama ni Maintenance, fungua Control Panel, "Security and Maintenance", panua "Maintenance", kisha "Change maintenance settings". Sogeza saa iwe ya jioni ambayo huwa uko mezani, na toa tiki kwenye mstari unaoiruhusu kuiamsha kompyuta. Kwa kengele nyinginezo, rudi Control Panel, "Power Options", "Change plan settings", "Change advanced power settings". Panua "Sleep", halafu "Allow wake timers". Usichague "Important Wake Timers Only" ukidhani umemaliza: masasisho yanayotaka kuiwasha upya mashine huhesabiwa kuwa muhimu na hupita humo. Weka "Disable". Masasisho yenyewe usiyazime, yataingia mchana.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Windows ikiamshwa na kengele, bila mtu kugusa chochote, inatakiwa irudi kulala yenyewe baada ya dakika 2 hivi kazi inapokwisha. Wewe unaikuta macho alfajiri. Maana yake, zaidi ya mwamshaji, kuna anayeizuia kulala tena. Huyo naye anaulizwa:

powercfg /requests

Ukiona chini ya SYSTEM imeandikwa "An audio stream is currently in use", kuna programu imeshika njia ya sauti, na kwa kawaida ni kivinjari chenye video iliyosimamishwa bila kufungwa. Hapo sitaji mtu, ila kuna kijana anayesoma usiku. Printa yenye kazi iliyokwama kwenye foleni nayo naishuku kabla ya mengine. Kila kichwa cha habari kikiandikwa "None", hakuna anayezuia kwa wakati huo.

Kama lastwake inataja mausi, au inataja kidhibiti cha USB bila kusema kifaa gani, andika powercfg /devicequery wake_armed upate orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Mausi ya mwanga huona mtikisiko mdogo sana. Lori likipita barabarani, mlango ukibamizwa, paka akipanda mezani, mshale unasogea nukta mbili na kompyuta inaona umerudi kazini. Fungua Device Manager, tafuta mausi yako chini ya "Mice and other pointing devices", bofya mara mbili, ingia "Power Management" na utoe tiki kwenye "Allow this device to wake the computer". Kibodi iache. Hakuna atakayebonyeza kitufe cha kibodi kwa bahati mbaya saa nane, na wewe unahitaji njia moja ya kuiamsha zaidi ya kitufe cha kuwashia.

Kadi ya mtandao ni mshukiwa wa pili, lakini tu kama una waya kutoka kwenye ruta. Iko hapohapo Device Manager, chini ya "Network adapters". Aidha toa tiki ileile, au weka tiki kwenye "Only allow a magic packet to wake the computer", ili iamke kwa ishara maalumu tu na isijali purukushani nyingine za mtandao. Kama unatumia modemu au simu, ruka.

Sasa lile gumu, skrini nyeusi.

Siku itakapotokea tena, usikimbilie kitufe cha kuzima. Bonyeza Caps Lock na uangalie kitaa chake kwenye kibodi. Kikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai na inakusikia, kilichopotea ni picha tu. Shikilia kitufe cha Windows, Ctrl na Shift, kisha bonyeza B. Hiyo huiamuru Windows iwashe upya draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa cha picha. Utasikia mlio mfupi, skrini itapepesa. Isipofanya kitu, zima monita kwa kitufe chake na uiwashe. Kisha angalia kebo. Kompyuta nyingi za ofisi za umri huo zina tundu la DisplayPort, na sisi tunazifunga kwenye monita za VGA au HDMI kwa kiunganishi kidogo cha bei ndogo. Viunganishi hivyo vina tabia ya kutoamka pamoja na mashine. Kama nyuma kuna tundu la VGA na monita yako ni ya VGA, viunganishe moja kwa moja ujaribu wiki moja. Baada ya hapo ndipo uhangaike na draiva: nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, weka modeli yako, pakua draiva ya picha ya modeli hiyo hasa. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mkupuo, achana nazo.

Kitaa cha Caps Lock kisipojibu, mashine imekwama njiani wakati wa kuamka, na hapo namtazama pawa saplai. Ndani yake kuna njia ndogo ya umeme inayobaki hai muda wote waya ukiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imelala. RAM hula hapo usiku kucha. Core i5 ya kizazi cha sita ilianza kuuzwa mwaka 2015, kwa hiyo pawa saplai yako ina umri, na kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, huchoka kabla ya vitu vingine. Njia hiyo ikiyumba, kilichomo RAM kinaharibika kidogo, na asubuhi prosesa inaamka na kukuta maneno yasiyosomeka. Mchana utaona kila kitu kizima, maana mchana RAM hulishwa na njia kubwa.

Kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi. Tumia haibaneti kila usiku kwa wiki mbili badala ya Sleep. Haibaneti haihitaji umeme wowote usiku. Ikiwa mashine inaamka salama kila siku kutoka haibaneti lakini inagoma kutoka Sleep, ushahidi unaelekea pawa saplai, RAM, au BIOS. Ikigoma kwa zote mbili, mtuhumiwa ni draiva, kwa sababu njia zote mbili humalizikia kwa kuviamsha vifaa upya. Kabla ya kununua kitu, chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, fungua boksi, toa vipande vya RAM, futa meno yake kwa kifutio cha penseli na uvirudishe mpaka vibano vilie. Na ikifikia kununua pawa saplai, nenda dukani na ya zamani mkononi. Kompyuta ndogo za ofisi zina pawa saplai za umbo lao na plagi yake, zile za kawaida za madukani hazitaingia. Fundi akipendekeza kusasisha BIOS, ni ushauri halali, lakini isifanyike bila UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, madabodi inaweza isiwake tena.

Haibaneti haionekani kwako kwa sababu moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kwamba ipo ila imefichwa kwenye menyu, jambo ambalo Windows hufanya yenyewe. Fungua Control Panel, "Power Options", "Choose what the power buttons do". Juu kuna maandishi "Change settings that are currently unavailable", yabofye, kisha teremka chini uweke tiki kwenye "Hibernate". Ya pili ni kwamba imezimwa kabisa, na hapo hicho kisanduku cha tiki hutakiona. Andika powercfg /a uone. Jibu lina sehemu mbili, zinazopatikana na zisizopatikana pamoja na sababu. Ikisema haibaneti haijawezeshwa, andika:

powercfg /hibernate on

Ikisema aina ya faili hairuhusu haibaneti, mtu aliipunguza, basi andika powercfg /h /type full. Kompyuta za mtumba hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwako, na kuna kanuni inayozunguka ya kuizima haibaneti ili "kuongeza nafasi". Faili hilo kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Kwa GB 8 zako ni kama GB 3.2. Kwa nafasi hiyo unanunua usalama wa kazi zako, mimi naona ni bei nafuu. Kama una diski ya SSD, ile isiyozunguka ambayo huchakaa kwa kuandikiwa, na umeambiwa haibaneti itaiua, piga hesabu: tuseme GB 3 kila usiku, kwa mwaka ni kama TB 1.1. Diski nyingi za GB 240 zimekadiriwa na watengenezaji kuvumilia makumi ya TB.

Ukiwa kwenye ukurasa uleule wa vitufe, weka "When I press the power button" iwe "Hibernate". Kuanzia hapo nyumba nzima ina kanuni moja rahisi, ukimaliza bonyeza kitufe, hata mtoto mdogo hakosei. Sharti ni moja: msizime ukutani mpaka taa ya kompyuta izimike kabisa na feni inyamaze. Kama diski yako ni ile ya kuzunguka, kuandika huko kunaweza kuchukua nusu dakika au zaidi, na ukikata umeme katikati umerudi kulekule kwa kidato cha pili. Vilevile, mashine ikiwa kwenye haibaneti usiongeze RAM wala usichomoe diski ukaitumie kwenye kompyuta nyingine. Iwashe kwanza, izime, ndipo ufungue.

Kwa mchana, ukiinuka kwenda kupika, washa kitu kinachoitwa "Allow hybrid sleep", kiko palepale kwenye "Sleep" ya mipangilio ya juu. Mashine italala kama kawaida, lakini kabla ya kulala itaandika pia nakala kwenye diski. Umeme ukiwepo, inaamka haraka kutoka RAM. Ukikatika, inarudi polepole kutoka diski. Kompyuta za mezani ndizo zilizokusudiwa mpangilio huo, na kwetu sijui kwa nini mtu auzime.

Yote hayo hayakusaidii umeme ukikatika ukiwa unaandika. Hapo ni UPS, na hapa nataka uangalie kitu kimoja unaponunua: tundu la USB la mawasiliano nyuma yake. Ndogo ya 650 VA itakupa dakika chache tu kwa kompyuta na monita, na wengi hudhani kazi yake ni kulia ili ukimbie kuhifadhi. Ukiiunganisha kwa kebo ya USB, mara nyingi Windows huitambua kama betri, na alama ya betri hutokea pembeni mwa saa kana kwamba ni laptopu. Kwenye mipangilio ya juu inaongezeka sehemu ya "Battery". Weka "Critical battery action" iwe "Hibernate", na kiwango chake usikiache chini sana. Asilimia 30 ni sawa, kwa sababu betri za UPS zikizeeka huanguka ghafla. Umeme ukikatika ukiwa shuleni na watoto wameiacha wazi, itajilaza yenyewe. Kabla ya kuiamini, fungua kazi isiyo na maana, chomoa UPS ukutani, ukae uangalie mpaka mwisho.

Mzee wa nyumba naye ana hoja kuhusu LUKU, ila hesabu iko hivi. Kompyuta ya aina yako ikiwa macho bila kazi hula kama wati 35, monita mbali. Saa 8 za usiku kwa siku 30 ni uniti 8.4. Ikiwa imelala kweli hula kama wati 3, ambayo kwa mwezi haifiki uniti moja. Kwenye haibaneti ni sawa na iliyozimwa, na ukizima ukutani baada ya taa kufa ni sifuri kabisa. Kwa hiyo anayekula LUKU yenu ni yule mwamshaji wa saa nane, Sleep yenyewe haina kosa. Kuzima ukutani wakati imelala, bila hiyo nakala ya diski, ndiko kunakofuta kazi.

Na akisema "basi tuizime kwa Shut down kila siku", mwambie kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Shut down kwa mpangilio wa kiwandani si kuzima kamili. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: programu zako hufungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva huwekwa haibaneti ili asubuhi iwake haraka. Draiva iliyokorofika jana inaamka nayo leo. Ndiyo maana fundi hukuambia "restart" hata kama ulishazima na kuwasha: Restart husafisha kweli. Fanya Restart mara moja kwa wiki, hasa ukishatumia haibaneti kila usiku. Kama skrini nyeusi inaendelea, toa tiki ya "Turn on fast startup" kwenye ukurasa uleule wa vitufe. Haibaneti yako haitaguswa.

Laptopu ya kijana ni habari nyingine. Aandike powercfg /a kwenye yake. Ikionyesha "Standby (S0 Low Power Idle)", basi laptopu hiyo ikilala haizimi prosesa kama ya kwako. Inabaki nusu macho kama simu, ikipokea barua pepe na masasisho. Ndani ya begi lisilo na hewa, kazi ndogo ikigoma kuisha, inachemka na betri inakauka. Akitaka kujua aliyeisumbua, powercfg /sleepstudy itamtengenezea ripoti ya kurasa, na njia ya kuifikia faili hiyo itaandikwa kwenye dirisha lilelile. Lakini asingoje ripoti. Kwenye "Choose what closing the lid does" aweke "Hibernate", kwa betri na kwa umeme, na akifunga kifuniko asubiri kitaa kizimike ndipo aitie begini.